Nilivyotumwa Kuitazama Nyumba ya Yusuf

Wenzangu wa chumba cha walimu, tangu nirudi mmeninywesha chai nyingi, na kila kikombe kimekuja na swali lile lile: Marekani kukoje? Nimewajibu vipande vipande, huyu nikampa kisa cha uwanja wa ndege, yule cha chakula, na sasa nasikia vipande vimeunganishwa vibaya. Kuna mtu anasema nilikamatwa na polisi nikiiba majani. Sikuiba. Nimeamua kuandika yote mara moja mjisomee, mniache nisahihishe insha za watoto kwa amani. Habari za viza na tiketi nimeziruka, maana hazina utamu wowote.

Kwanza mjue nilikwenda kufanya nini. Mdogo wangu Hodan, mliyemwona akija hapa shuleni na sare yake ya uuguzi, amepata nafasi ya kuendelea na masomo Minnesota. Kaka yetu Yusuf yuko huko mwaka wa tisa sasa. Mpango ulikuwa rahisi: Hooyo, yaani mama yetu, auze ngamia wa kutosha, Hodan asafiri, akae nyumbani kwa Yusuf. Nyumba yenyewe tuliijua sote. Picha yake ilikuwa kwenye simu ya kila mtu wa ukoo: kuta nyeupe, ghorofa moja juu, nyasi zimekatwa kama kichwa cha mwanafunzi wa bweni siku ya kufungua shule, na Yusuf amesimama mbele, mikono mfukoni. Hodan alikuwa ameshachagua dirisha lake, lile la juu upande wa kulia.

Hooyo peke yake ndiye ambaye hakuridhika, akaniita.

Iftin hadi Buna

Nilitoka nyumbani kwangu Iftin, hapa Garissa, alfajiri kwa basi la Wajir. Modogashe tulikunywa chai ya maziwa ya ngamia, nzito na yenye harufu ya moshi, na Habaswein askari walitushusha wote wakague vitambulisho. Mzee mmoja alikuwa amekisahau chake kwenye shati jingine, nasi tukakaa juani saa mbili tukimsubiri mwanawe alete hilo shati. Nililalamika kwa sauti. Mzee akanipa tende tatu, nikanyamaza.

Wajir nililala kwa rafiki, na asubuhi nikapanda Landikruza ya Adan, anayepeleka sukari na abiria Buna. Katikati ya njia tukasikia mlipuko.

"Mwalimu, tairi imebasuka," Adan akasema, akishuka taratibu kama mtu anayekwenda kuswali. "Usijali. Sisi nabata msaada sasa hivi."

Sasa hivi ya Adan ilichukua saa tano. Nilifika kwa Hooyo vumbi limenijaa mpaka kwenye kope.

Hooyo hakai mjini. Anaishi nje ya Buna kwenye aqal, ile nyumba yetu ya vijiti vilivyopindwa na mikeka, ambayo hufungwa na kubebwa na ngamia wa mizigo malisho yakiisha. Alinipa maziwa kwanza, akangoja nimalize.

"Picha haina harufu," akasema. "Mimi sijahamisha hata mbuzi kwa habari ya mtu aliyesikia. Utakwenda wewe, uwe sahan wangu."

Wasiojua niwaeleze. Sahan ni mtu anayetangulia kutazama malisho na maji kabla familia haijahama. Akirudi na uongo, mifugo inakufa njiani, kwa hiyo uongo wa sahan hausahauliwi hata na wajukuu. Kazi hiyo ni ya wanaume. Marehemu baba aliifanya miaka yake yote. Nilipomkumbusha Hooyo jambo hilo alisema nina macho ya baba na mdomo wake pia, inatosha. Kisha akanipa masharti. Sahan hatumi habari akiwa njiani. Anarudi nazo mwenyewe, anazisema zote kwa mara moja, na hakuna anayemkatiza. Na lazima arudi na nyasi za huko kwenye pindo la nguo.

"Hooyo, Yusuf hafugi," nikasema. "Anaendesha lori."

"Lori halili nyasi, najua," akajibu. "Lakini mtu akiinama kuchuma nyasi anaiona ardhi. Lete."

Nilipoondoka alinibebesha kopo la nyirinyiri, nyama ya ngamia iliyokaushwa na kukaangwa kwenye samli, aliyomtengenezea Yusuf kwa mkono wake.

Nairobi hadi Minneapolis

Ndegeni nilikaa na mama mmoja wa Kitui aliyekuwa anakwenda kulea mjukuu. Tulibadilishana mikate na malalamiko mpaka Doha. Zaidi ya hapo nakumbuka miguu iliyovimba na kiti.

Minneapolis, mwanamke mwenye glavu aliniuliza kama nimebeba nyama. Nafundisha watoto wa watu wasiseme uongo, nikajibu ndiyo. Wakamwita kijana wa Kisomali atafsiri, ingawa Kiingereza nakijua.

"Eeddo," kijana akaniambia, akiniita shangazi kwa adabu, "hii haiingii."

"Mwambie ina wiki sita na haijaoza."

"Eeddo, hapo hapo ndipo anapoogopa."

Niliomba nile kidogo pale pale, wakakataa. Kopo la mama yangu likaenda kwenye pipa mbele ya macho yangu. Nililia, sioni aibu kusema. Yule mwanamke akanipa karatasi ya kufutia machozi na kugonga muhuri kwenye fomu yangu.

Nyumba yenye kuta nyeupe

Yusuf alinipokea kwa gari dogo, amekonda, ndevu zimeingia mvi. Alinikumbatia muda mrefu. Alinipeleka kwenye mkahawa wetu wa kule, nikaletewa wali na mbuzi na ndizi pembeni, wali mlima mzima, nikala nikijisikia niko karibu na soko la Garissa. Nikasema haya, twende nyumbani.

"Nyumba inapakwa rangi, abaayo," akasema, akiniita dada. "Utakaa kwa rafiki yangu siku mbili tatu."

Mke wa rafiki yake alinitunza vizuri mno, lakini kila nilipotaja rangi alikimbilia jikoni. Siku ya tatu uvumilivu wangu, ambao mnaujua ulivyo mfupi, ukaisha. Nikaingia garini nikafunga mkanda.

"Nipeleke nikaone hiyo rangi."

Hakubisha. Aliendesha, akasimama ng'ambo ya barabara. Nyumba ilikuwa ile ile, na dirisha la Hodan lilikuwepo. Mzee wa Kizungu mwenye kaptura alikuwa ananyunyizia nyasi maji. Alipomwona Yusuf alimpungia mkono.

"Niliwaletea kabati miaka mitano iliyopita," Yusuf akasema, macho yake kwenye usukani. "Nikawaomba nipige picha. Wakanikubalia."

Sikumbuki niliyomwambia, na hata kama ningekumbuka nisingeyaandika. Nilipomaliza nikamuuliza, "Unalala wapi?"

"Twende nikuonyeshe," akasema.

Lori

Ndugu yangu anaishi ndani ya lori. Ni mwaka wa sita sasa. Nyuma ya viti kuna kitanda, juu yake kitanda kingine cha kukunjwa, kuna friji ndogo, sufuria ya umeme, mkeka wa kuswalia umekunjwa, na pazia ambalo Hooyo alimpa alipoondoka. Lori ni la kampuni. Anuani ya barua ni ya rafiki yake.

Alikuwa ameshaomba ruhusa ya kubeba abiria, kwa hiyo kesho yake asubuhi tuliondoka kuelekea kusini na magharibi, sisi wawili na trela iliyojaa karatasi za choo. Wanafunzi wetu wanapoandika kuhusu ndoto ya Marekani huwa hawataji mzigo huo.

Barabara hazina mashimo, na baada ya siku moja nikayatamani, maana shimo humwamsha dereva. Yusuf alitafuna barafu asisinzie. Kuna mashine inayohesabu saa zake: zikiisha lazima asimame, hata kama amebakiza maili chache. Tulifika ghala moja Iowa asubuhi, tukangoja saa saba watu washushe mzigo wa dakika arobaini. Nilitaka nishuke nikaseme nao. Yusuf alifunga mlango.

Kwenye vituo vya malori mtu anaoga kwa zamu, na namba yako inatangazwa kwa kipaza sauti kama benki. Mimi niliingia kituo cha kwanza nikasalimia kila mtu, mmoja mmoja, kama inavyopasa. Wengi waliangalia nyuma kuona namsemesha nani. Dereva mmoja mzee ndiye aliyeitikia, na kwa kuwa nilimuuliza hali, akanieleza hali: magoti yote mawili, mke aliyemwacha, binti asiyepiga simu. Nusu saa nzima. Mwishoni alininunulia kahawa, akamwambia Yusuf kwamba tangu mwezi ule uanze hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Jioni Yusuf alipika anjera, chapati zetu za maji, kwenye sufuria yake ya umeme. Zilitoka nene upande mmoja. Tulizila na chai, na hapo ndipo aliponisimulia. Aliosha vyombo hospitalini miaka mitatu. Mtihani wa leseni ya lori aliufeli mara tatu, akafaulu wa nne. Baba alipofariki yeye alikuwa Wyoming kwenye theluji, akamswalia peke yake nyuma ya trela, akaendelea na safari kwa sababu mzigo ulikuwa unangojwa. Alikuwa na chumba mwanzoni. Hodan alipoingia chuo cha uuguzi, akakiacha.

"Karo yake ilikuwa kodi yangu," akasema. "Nikaona kitanda ninacho, cha nini nilipie kingine?"

Mwaka ule ule, alipochelewa kutuma karo wiki mbili, mimi ndiye niliyempigia simu nikamgombeza.

Nebraska

Nilidhani huruma yangu imemaliza maneno. Wapi. Siku ya pili, kati ya mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho, Yusuf alianza.

"Mwambie Hooyo nyumba ipo, inapakwa rangi. Nipe miaka miwili, abaayo. Lori langu mwenyewe nakaribia kulinunua, halafu nyumba itafuata. Uongo utakuwa kweli."

"Na Hodan akifika Januari, alale kwenye rangi?"

"Nitamtafutia mahali."

"Basi hilo ndilo nitakalosema. Kwamba utamtafutia mahali."

"Safiya, Hooyo atawatazamaje watu Buna? Mtoto wake wa kwanza wa kiume hana hata mlango!"

"Nimetumwa kama sahan, Yusuf. Baba hakuwahi kurudi na kisima ambacho hakukiona."

Adhuhuri aliposimama tuswali kando ya barabara, nilikumbuka nyasi. Nilimaliza sala, nikashuka mtaroni, nikaanza kuchuma, nikichagua zilizo na mbegu. Nilisikia breki nyuma yangu. Askari wa barabarani, kijana mrefu mwenye kofia pana, aliniuliza ninafanya nini.

Yusuf alikuja mbio, ameinua mikono kabla hajaambiwa. Mimi nilisimama na nyasi zangu, nikamweleza askari ukweli: mama yangu ana ngamia, kwetu mtu akitangulia kutazama nchi sharti arudi na majani yake, na mimi ndiye niliyetumwa. Alinitazama, akamtazama Yusuf, akauliza ngamia wangapi. Nikasema kwetu hatujibu swali hilo. Akacheka, akasema hata babu yake alikuwa hasemi idadi ya ng'ombe wake.

Kisha akainama, akazinusa zile nilizochuma. "Hizi usimpelekee," akasema. "Baridi ikija wanamwaga chumvi barabarani, zote zimeinywa." Akapanda ukingo hadi kwenye waya wa shamba, akapitisha mkono, akaniletea konzi ya nyasi za upande wa pili.

Nilizichukua zote, zake na zangu, nikazifunga kwenye mapindo mawili ya shuka. Hicho ndicho kisa cha polisi, na yeyote anayekisimulia tofauti aje anikabili.

Yusuf alikuwa bado amesimama pale, jasho linamtiririka. Tulipopanda aliwasha lori, akasema, "Sema kila kitu. Mimi nikimdanganya tena sitaweza kusikia sauti yake kwenye simu." Na hakulitaja tena jambo hilo mpaka siku aliyonisindikiza uwanja wa ndege.

Kurudi Buna

Nairobi mkaguzi alifungua shuka, akauliza kama zile ni dawa. Nikamwambia ni ripoti. Alikuwa amechoka, akanipungia nipite.

Hodan alinisubiri Garissa na akaja nami hadi Buna. Njia nzima hakuniuliza neno, maana anajua masharti, lakini alishika mkono wangu tangu Wajir. Adan alitupeleka, na safari hii tairi zote nne zilifika.

Ilikuwa saa kumi alasiri. Hooyo alitandika ngozi mbele ya aqal, akanipa maziwa, akangoja. Nilimaliza, nikafungua pindo. Alizinusa zile za shambani, akatafuna jani moja, akasema tamu lakini laini mno. Akatafuna za mtaroni, akafumba macho.

"Zina chumvi," akasema. "Ngamia angelia kuziacha hizi."

Nikatamani yule askari angekuwepo.

Kisha nilisema yote. Nyumba nyeupe ni ya mzee mmoja na mkewe. Kazi ipo, kwa mtu asiyechoka haraka. Mvua ipo. Watu si wabaya, ila hawasalimiani. Yusuf hajaiba, hajanywa, hajaacha sala. Karo ya Hodan ilitoka kwenye chumba alichokiacha. Hodan aliinamisha kichwa, mtandio ukaficha uso wake. Hakuna aliyenikatiza.

Nilipomaliza, Hooyo aliuliza:

"Analala wapi basi?"

"Ndani ya lori. Kuna kitanda nyuma ya kiti, jiko dogo, na lile pazia lako."

"Na mzigo ukihamia kwingine?"

"Anahama na nyumba yake."

Hooyo aligeuka akaitazama aqal yake, vijiti na mikeka na kamba zake. Mimi na Yusuf tulizaliwa ndani yake, yeye ikiwa imesimamishwa Eyrib, na mimi ikiwa mwendo wa siku nne kutoka pale. Kisha akanigeukia kwa mshangao wa kweli.

"Na hiyo ndiyo aibu aliyonificha miaka sita? Mimi?"

Katika safari nzima, maili zote zile, si mimi wala Yusuf aliyefikiria hilo hata mara moja. Tulisoma shule za mjini, tukajifunza kwamba nyumba ni kuta.

"Nani anampakilia?" akauliza tena.

"Hakuna mtu, Hooyo. Yuko peke yake."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Alisema mwaka mmoja zamani, baba alipougua, yeye alijaribu kumpakia ngamia wa mizigo peke yake. Akikaza kamba upande huu, upande ule unalegea, mpaka aqal nzima ikaanguka na yeye akakaa chini akalia, watoto wakimtazama. Nilikuwa mmoja wa watoto hao. Akafuta macho kwa kiganja, akamgeukia Hodan.

"Umesikia. Dirisha hakuna. Unakwenda?"

Hodan alichukua jani la mtaroni, akalitafuna taratibu mpaka likaisha.

"Nilikuwa nakwenda kukaa kwake," akasema. "Sasa nakwenda kutafuta chumba, na yeye atakaa kwangu. Uza ngamia, Hooyo."

Hooyo aliitikia kwa kichwa mara moja, kama sokoni bei inapokubalika, akaniambia nimpigie Yusuf. Kule ilikuwa asubuhi. Alipokea akiwa barabarani, nikaweka spika, tukasikia ngurumo ya injini. Alisalimia kwa sauti ndogo. Alijua nimefika, na alijua nimesema.

"Yusuf," Hooyo akasema, "nimesikia una aqal yenye magurudumu."

Injini iliendelea kunguruma.

"Kaza upande wako," akamwambia. "Hodan anakuja kushika upande wa pili."

Tulisikia injini ikipunguza mwendo, ikapunguza tena, kisha ikazimwa.